Manowari za Mpiga Chapa

Kwa miaka mingi mji wa Nyeri ulikuwa na manowari nyingi kuliko serikali. Za serikali zilikuwa Mombasa, chache, zikilindwa na askari wenye bunduki. Zetu zilikuwa nyuma ya soko, mlango unaofuata wangu, zimejaa chumba kizima, zikilindwa na mpiga chapa mmoja mwenye koti la kahawia na mkewe aliyezipangusa vumbi kwa unyoya wa kuku. Kwamba bahari iko mbali nasi, na kwamba maji makubwa kuliko yote tuliyoyajua ni mto Chania ukifurika, hilo halikumsumbua hata kidogo. Mlima tunao, alisema, lakini mlima hauendi popote.

Jina lake sitalitaja. Kuna mtu mwingine analitumia siku hizi, na huyo hana hatia. Mtaani tulimwita Mpiga Chapa, maana alifanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa wa kanisa. Mimi nilikuwa fundi wa cherehani, na ukuta wetu ulikuwa mmoja, wa mbao zilizozibwa kwa magazeti, kwa hiyo mengi nitakayosema sikuhadithiwa. Niliyasikia mwenyewe, hata siku ambazo sikutaka. Niseme mapema pia kwamba mtu huyu nilimpenda, kwa sababu ukinisikiliza nikimwongelea unaweza kukosea. Na niseme kwamba nusura ampoteze mwanawe wa pekee kwa ajili ya karatasi. Ningekuwa mimi ndiye mkewe, ningezichoma zote Jumatatu asubuhi na kuchemshia maji ya kufulia.

Ugonjwa wenyewe ulianza mwaka wa uhuru. Mzungu mmoja wa upande wa Mweiga alikuwa akiuza vitu vyake ili arudi kwao, na nusu ya Nyeri ikaenda kununua. Watu walirudi na majembe ya kukokotwa, ng'ombe wa gredi, vitanda vya chuma, viti vya kukalia vilivyokuwa vimeshakaliwa sana. Mpiga Chapa alikuwa ametumwa godoro. Alirudi na katoni la magazeti ya zamani yenye picha za meli za kivita, na akalipitisha mlangoni kwa uangalifu, kana kwamba ndani kuna mayai.

"Na godoro?" nilimsikia mkewe akiuliza.

"Godoro zilikuwa zimeisha."

"Zimeisha, na Mama Wairimu amenunua mbili?"

Mama Wairimu ni mimi. Zilikuwa mbili, ndiyo, na zilikuwa nzuri.

Manowari zake alizitengeneza kwa karatasi. Si zile za watoto wa shule, za kukunja na kutupa kwenye mtaro mvua ikinyesha. Hizi zilikuwa na mizinga inayozunguka, ngazi, madirisha ya duara, minyororo ya nanga, na mashua ndogo za kuokolea watu zilizoning'inizwa ubavuni. Kila kitu kilikuwa kwa kipimo. Moja kwa mia mbili, alisema, na akishalisema ulitakiwa unyamaze kidogo, kwa heshima. Karatasi aliikata kwa wembe, akapitisha mgongo wa kisu mahali pa kukunja, akaviringisha mitutu ya mizinga kwenye sindano yangu ya kufumia, ambayo hadi leo sijarudishiwa, akabandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Kamba za milingoti zilikuwa uzi wangu mweusi. Alikuja kuniomba jioni, amesimama mlangoni na kofia mkononi, akisema ni kipande kidogo tu, Mama Wairimu, na kipande kidogo kikaenda mpaka nikaanza kuficha uzi mweusi ndani ya debe la unga.

"Kila karatasi iko na njia yake," alipenda kusema. "Ukikunja na njia yake, inakutii. Ukikunja kinyume, inakuvunjikia mbele ya wageni." Aliyajua hayo kuhusu karatasi. Kuhusu watu hakuwa na habari.

Karatasi yenyewe ilikuwa masalio ya kazini: kadi za harusi zilizokatwa vibaya, kadi za harambee, majalada ya vitabu vya nyimbo. Basi ukisogea karibu na manowari ya Mwingereza iliyotisha dunia nzima, unasoma kwenye bomba lake la moshi kwamba wazazi wa pande zote mbili wana furaha kubwa kukualika. Nyingine ilikuwa na nusu ya ratiba ya mazishi ubavuni. Kasisi mmoja mgeni alipoletwa kuziona, aliinama, akasoma kwa makini, kisha akauliza kwa sauti ya pole kama marehemu alikuwa baharia. Mpiga Chapa hakucheka. Alipaka kila kitu rangi ya kijivu baada ya siku hiyo, na nyumba nzima ikanuka rangi mpaka Krismasi.

Adui wa manowari hizo hakuwa Mjerumani wala Mrusi. Alikuwa panya. Unga wa ngano ni chakula, na panya wa soko la Nyeri hahitaji kualikwa mara mbili. Ile ya Wajapani, ambayo Mpiga Chapa alisimulia jinsi Warusi walivyokuja na jeshi zima wakashindwa kuigusa, ililiwa wiki ya Pasaka tukiwa kanisani. Ikabaki milingoti, na uzi wangu. Alikaa na mabaki yale mapajani jioni nzima, na mkewe akamletea chai, akakaa kando yake. Huyo mama alikuwa na moyo ambao mimi sikupewa. Mimi niliuliza kupitia ukutani kama panya amepandishwa cheo.

Msidhani alikuwa mpenda vita. Aliogopa hata kuku anapochinjwa. Katika miaka ile ya kwanza ya uhuru, kila mwanamume wa rika lake alikuwa amepigana msituni, kwa maelezo yake mwenyewe, na ukiwasikiliza wote unashangaa miti ilipata wapi nafasi ya kusimama. Mpiga Chapa akiulizwa alikuwa wapi, alijibu, "Mimi nilikuwa nachapa." Watu walimcheka. Hiyo heshima nampa mpaka leo, kwa sababu uwongo ulikuwa rahisi na ungemletea hata kipande cha shamba.

Maji nayo aliyaogopa kuliko kuku. Akivuka daraja la Chania alishika koti lake kwa mikono miwili na kutazama mbele tu. Alioga kwa beseni, kiungo kimoja baada ya kingine, akilalamika muda wote. Kazini alikuwa mpole, mtu wa ndiyo bwana, hata vijana wa kubeba karatasi walimtuma chai. Akishafunga mlango wake jioni alikuwa amiri wa majeshi yote. Alimpima kila mtu kwa kipimo chake. Siku moja alimsimamisha mkewe ukutani, akampima kwa rula, akapiga hesabu, akamwambia kwamba akipanda kwenye manowari ile ya mezani angekuwa sawa na punje ya mahindi.

"Na wewe?" mkewe akauliza, akirudi kwenye sufuria ya mahindi na maharagwe.

"Mimi naongeza kidogo."

"Haya. Punje kubwa, njoo ule githeri na wenzako."

Mwaka mmoja alizipeleka kwenye maonyesho ya kilimo. Waamuzi walizunguka nazo kutwa nzima wakitafuta mahali pa kuziweka, maana hazikuwa kabichi, hazikuwa fahali, wala hazikuwa asali. Mwishowe waliziweka kwenye kundi la kazi za mikono za akina mama. Mimi nilikuwa nimeleta sweta katika kundi lilo hilo, sweta la shingo ndefu lililonichukua msimu mzima wa baridi. Alinishinda. Akatundika utepe wa mshindi ukutani upande wangu, na akanieleza kwamba haukuwa ubaya, ni kwamba sweta langu halikuwa na kipimo.

Basi mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Ndirangu, huyo mwanawe wa pekee, alilelewa chini ya meza ya manowari. Wenzake walijua majina ya wachezaji wa mpira, yeye alijua majina ya mizinga. Alipomaliza shule, baba mtu alitaka awe mwalimu, lakini Ndirangu akaenda zake uwanjani siku ya kuchukua askari, akakimbia, akapimwa kifua, akachaguliwa, akaomba jeshi la majini. Kijana wa Nyeri anayeomba jeshi la majini alikuwa kitu cha kuchekesha wakati huo. Mpiga Chapa alijifanya kukasirika asubuhi moja tu. Kuanzia mchana huo alivaa tai, na ukimsalimia tu habari za leo, anakujibu kwamba kijana yuko majini.

Nilishona mwenyewe shati alilosafiri nalo. Sikumdai kitu. Hilo liandikwe upande wangu wa mema, kwa sababu halina wenzake wengi.

Ndirangu alirudi likizo yake ya kwanza ile miaka kahawa ilipopanda bei, wakati kila nyumba ilikuwa na redio mpya na kila mtu alikuwa na maoni. Alikuwa amenona, ameiva kwa jua, na Kiswahili chake kimelainika mpaka wasichana wa soko walikuwa wakimsemesha ili wamsikilize tu. Baba yake akachinja mbuzi. Aliwaita wazee wa mtaa na wa kanisa, na mimi nikaitwa kusaidia kukaanga viazi, maana hakuna kazi ya mpishi ambayo jirani mwenye cherehani haombwi. Nyama ikachomwa nje. Kisha wazee wakaingizwa sebuleni na Mpiga Chapa akasimama mbele ya meza na kijiti mkononi.

Katikati ya meza ilikuwepo ile kubwa ya Mwingereza, ya pili. Ya kwanza ilikuwa na kadi za harusi. Hii aliitengeneza upya kwa karatasi safi, kuanzia mvua za vuli mpaka mvua za masika, na kwa haki ya Mungu ilikuwa nzuri. Hata mimi nilikuwa nikiingia kuitazama akiwa kazini. Alieleza mzinga kwa mzinga, na wazee wakatikisa vichwa wakitafuna. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa ameshika mbavu za mbuzi akamgeukia kijana.

"Na ile yenu, Ndirangu, ni kama hii ya baba yako?"

Sasa, mtoto mwenye akili angesema ndiyo. Mtoto mwenye akili zaidi angesema ya baba ni kubwa. Lakini Ndirangu alikuwa amemrithi baba yake tabia, na baba yake alikuwa mtu wa kusema nilikuwa nachapa.

"Inafanana," alisema. "Lakini Baba ameweka ya juu peke yake. Ya chini hajaweka."

"Ya chini gani?" akauliza Mpiga Chapa.

"Ile inakaa ndani ya maji. Meli iko na tumbo, Baba. Hapa umekata pale maji yanafika."

Hapo ndipo nilipoelewa, nimesimama mlangoni na sufuria ya viazi. Zile picha za mzungu zote zilikuwa za meli zikiwa baharini. Mpiga Chapa alikuwa amenakili kila alichokiona, kwa uaminifu wote, na chini ya pale macho yalipokomea hakuwa na chochote. Manowari zake zote zilikuwa zimekaa bapa juu ya meza mithili ya pasi. Na sisi wote tulikuwa tumezitazama miaka yote hiyo tukaona ziko sawa, kwa sababu nani kati yetu alikuwa ameona meli? Nilizaliwa mimi nikidhani hivyo hivyo, kwamba inakaa juu.

"Kitu ikikaa ndani ya maji," Mpiga Chapa akasema pole pole, "si hiyo imezama?"

"Hiyo ni kweli," mzee wa mbavu akaunga mkono. "Imezama hiyo."

"Haijazama. Nusu iko chini, nusu iko juu. Injini iko huko chini. Mimi mwenyewe nalala huko chini."

"Unalala ndani ya maji?"

"Ndani ya meli, ndani ya maji."

Mzee mwingine akacheka, si kwa ubaya, akasema ati kijana wa leo ukimpeleka Mombasa anarudi akiwa samaki. Wote wakacheka. Ingeishia hapo, nawaambia, tungekula viazi na kwenda nyumbani. Lakini Mpiga Chapa alimwambia mkewe alete karai.

"Baba Ndirangu," mkewe akasema, "wacha."

"Leta karai."

Akaleta. Likajazwa maji, likawekwa katikati ya sebule, na wazee wakasogeza viti. Ndirangu alisimama. Alisema, "Baba, hiyo ni karatasi. Usiweke," na akanyoosha mkono, na baba yake akaupiga ule mkono mbele ya watu wote. Kisha akaichukua ile manowari kwa mikono miwili, akapiga magoti, mtu anayeogopa hata daraja la Chania, akaiweka juu ya maji.

Ikaelea. Wazee wakapiga makofi. Mpiga Chapa akamtazama mwanawe kwa uso ambao nisingependa kutazamwa nao. Halafu ikaanza kunywa, kwa sababu chini haikuwa na kitu, ilikuwa wazi kama kifuniko. Ikainama upande wa mizinga mikubwa, milingoti ikagusa ukingo wa karai, rangi ya kijivu ikatoka, na unga wa ngano ukaachia kila ulichoshikiza. Ndirangu aliinama tena aiokoe.

"Wacha," baba yake akasema.

Tukaiangalia mpaka mwisho. Hakuna aliyetafuna. Mzee wa mbavu aliziweka mbavu zake chini taratibu, na hapo nikajua kwamba jambo ni zito.

Ingekuwa kwa wengine, kesho yake wangecheka. Mpiga Chapa alitaka kondoo. Kwetu mtoto akimwaibisha baba yake mbele ya wazee, analeta kondoo, wazee wanakaa, maneno yanasemwa, wanakula, yanaisha. Ni desturi nzuri, na imeponya nyumba nyingi. Ndirangu hakukataa kondoo. Alisema ataleta hata wawili, wa kumsalimia baba yake. Lakini wa kuomba msamaha hataleta, kwa sababu akiomba msamaha ni kusema meli haina chini, na usiku atalala wapi.

"Wa kusalimia sitaki," baba yake akasema.

Na kijana akarudi Mombasa. Likizo iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Niliingia kwa Mpiga Chapa mimi mwenyewe nikamwambia, maana mkewe alikuwa ameacha hata kuimba. Nilimkuta akikata karatasi.

"Baba Ndirangu, mtoto ni mmoja."

"Najua hesabu."

"Na meli iko na tumbo. Hata nyangumi iko nalo."

"Mama Wairimu, wewe umeona meli?"

"Sijaona."

"Basi tuko sawa. Rudi kwa cherehani yako."

Nilirudi, nikakanyaga ile cherehani mpaka mkanda ukakatika. Nilikuwa na hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu asiye wa damu yangu. Maana nilikuwa nikimsikia mke wake kupitia ukutani. Hakuwa akilia kwa sauti. Alikuwa akipanga vyombo, kisha anavipangua, kisha anavipanga tena.

Yeye aliendelea kutengeneza manowari, nyingi kuliko zamani, na zote bapa. Ila alianza kuzibandika juu ya mbao alizozipaka rangi ya samawati, kila moja na ubao wake. Ukimuuliza, alikwambia ni pambo. Mimi nilimwambia ni vizuri, sasa hakuna atakayeuliza kuna nini chini ya ubao. Hakunisemesha kuanzia kabla ya kupanda mahindi mpaka yalipoota ndevu, na uzi wangu mweusi ukapumzika.

Kisha Ndirangu akaoa huko huko, msichana wa Kangema aliyekuwa akifundisha Mombasa, na akaenda kumposa na mjomba wake badala ya baba. Niliposikia hilo nilisema hapa sasa pameharibika kabisa. Nimeona nyumba zikivunjika kwa shamba, kwa pombe, kwa mwanamke. Kwa tumbo la meli sijawahi kuona.

Mwaka uliofuata mkewe alipata habari kwamba mjukuu anakaribia. Hakuomba ruhusa. Alifunga mzigo wake, akamwachia Mpiga Chapa mahindi yaliyochemshwa na maharagwe kwenye sufuria tofauti, ili achanganye mwenyewe ajue kazi, na akaenda Mombasa. Alikaa huko muda mrefu. Mpiga Chapa alikonda. Nilimpelekea chakula mara kadhaa, na kila mara nilimwambia ni makombo, asije akadhani nimemsamehe.

Siku mkewe aliporudi nilisimamisha cherehani ili nisikie vizuri.

"Umezaliwa," mama akasema.

Ndivyo tunavyosema. Mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu yake mzaa baba, jina lake lote, na anapozaliwa anayezaliwa ni babu. Hiyo nayo ni desturi, lakini hii haihitaji kondoo, wala haingoji mtu amalize hasira zake. Ndirangu angeweza kuiruka. Wapo wanaoiruka kwa makosa madogo kuliko kupigwa mkono mbele ya wazee. Hakuiruka.

Kupitia ukutani nilisikia wembe ukiwekwa mezani.

"Niko namna gani?" Mpiga Chapa akauliza baadaye.

"Uko na kichwa kikubwa. Na hutaki kunyamaza."

"Na yeye?"

"Ndirangu? Bado anafanya huko chini kwa injini. Alinipeleka nikaona meli yenyewe. Walikuwa wameitoa kwa maji ipakwe rangi."

Mbao za ukuta wetu zina pengo, na sitajifanya sikuchungulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ameshika magoti.

"Ikoje?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo ya chini. Ikoje?"

Yule mama angeweza kumlipa hapo miaka yote ile, ya godoro na ya punje ya mahindi na ya karai. Mimi ningemlipa. Alivua kitambaa cha kichwa, akakaa chini, akasema, "Ni kubwa, Baba Ndirangu. Ni nyekundu. Iko na tumbo kama ng'ombe mwenye mimba, halafu inaenda ikikonda mbele."

"Inaanza kukonda wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Onyesha na mkono."

Kazi ikaanza hivyo. Mpiga Chapa, aliyezoea kupima kila kitu kutoka kitabuni, safari hii hakuwa na kitabu. Alikuwa na mkewe. Aliunda, akamwita aache mboga aje aone, akaambiwa hapana, ilikuwa imevimba zaidi, akabomoa, akaunda tena. Nilisikia miezi mingi maneno kama hayo, punguza hapa, ongeza pale, na pale kwa nyuma kulikuwa na kitu kinazunguka kama feni. Siku moja nikasikia mama akicheka. Nilikuwa nimesahau sauti hiyo, na nilikaa na kitambaa cha mteja mikononi nikalia, na kitambaa kikaingia maji ya chumvi nikalazimika kukifua upya.

Mara ya mwisho kuongea naye kwa kirefu hatukuwa hata Nyeri. Nilikuwa natoka Nairobi kununua vitambaa, basi letu likasimama njiani, pale Kenol, abiria wanunue mahindi ya kuchoma, na pembeni ya vibanda, kwenye benchi la muuza chai, nikamwona Mpiga Chapa. Alikuwa amestaafu kitambo, amezeeka, na koti la kahawia limekuwa kubwa kwake. Kwenye magoti alishikilia katoni lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Baba Ndirangu, unafanya nini Kenol?"

"Naenda Mombasa."

"Mombasa iko upande ule. Mbona umeketi?"

"Kondakta alitaka hii ipande kwa keria, juu. Nikamwambia haipandi. Akaniambia basi na wewe shuka." Aliinua mabega. "Nangoja ingine."

Wapo waliotoka mbali na kushuka njiani kwa sababu ya nauli. Huyu alishushwa kwa ukaidi, kama kawaida yake, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia hivyo. Lakini akafungua kamba, akafunua katoni, akanionyesha.

Ilikuwa ya chini peke yake. Juu hakukuwa na kitu: hakuna mzinga, hakuna mlingoti, hakuna bomba la moshi. Lilikuwa tumbo tupu jekundu, refu kama mkono wangu mpaka kiwikoni, limebinuka vizuri, limekonda mbele. Nikachungulia ndani. Aliweka injini, mirija yake yote, na nyuma ya injini, kwenye kona, aliweka vitanda vidogo vya karatasi vilivyopangwa mstari. Kimoja kilikuwa na blanketi.

Mtu wa Nyeri anajua mtoto alete nini akimkosea baba. Baba akimkosea mtoto, alete nini? Sijawahi kumsikia mzee yeyote akilisema hilo, na nimekaa na wazee wengi. Hakuna kondoo wa hiyo kazi. Nadhani yeye pia alitafuta akakosa, akaona atengeneze mwenyewe.

"Iko sawa?" aliniuliza. Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza swali hilo.

"Mimi nitajuaje? Sijaona meli."

"Mimi pia sijaona. Nimeambiwa na mama Ndirangu tu." Akagusa ukingo kwa kidole. "Kijana ndiye anakaa huko. Nitamwuliza."

Dereva wetu alikuwa akipiga honi. Na mimi jambo likinigusa huwa nasema mabaya, ndivyo nilivyoumbwa.

"Unajua atasema imepinda," nilimwambia. "Ni mtoto wako huyo. Hata ingekuwa imenyooka, atapata mahali imepinda."

Mpiga Chapa alifunika katoni, akaanza kulifunga kamba upya, polepole, fundo juu ya fundo.

"Wacha aseme," alisema. "Nimebeba gundi."